Hapana Yangu kwa Daktari

Kosa langu la kijinga kuliko yote sikulifanya nikiwa nimelewa, wala nikiwa mtoto. Nililifanya nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto, nimevaa shati la kwendea kanisani, nimesimama wima mbele ya daktari. Aliniuliza swali moja dogo, nami nikalidaka kama mwanafunzi anayeogopa mwenzake asije akawahi kunyoosha mkono. Nikasema, "Hapana, daktari." Na kwa kuwa nilikuwa na elimu ya kidato cha nne na sikupenda ikae bure, nikaongeza, "Hapana kabisa. Katika ukoo wetu jambo hilo halipo."

Swali lenyewe lilikuwa hili: je, yuko mwanamume mwingine kwenu, babu, baba mkubwa, kaka, aliyewahi kupata shida ya mkojo kama hii ya mzee?

Mgonjwa alikuwa baba yangu. Alikuwa amelala kitandani kati yetu, anatazama dari.

Mimi ni mtu wa nyumbani, na ni vizuri mlijue hilo mapema. Nilipomaliza mitihani ya kidato cha nne nilirudi Nyaishozi kupumzika kidogo, na mapumziko hayo hayajaisha mpaka leo. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekwenda Bukoba akapata kazi kwenye kahawa. Mimi nilibaki kwenye kibanja cha mzee, katikati ya migomba, mibuni na maharage, na siku nikilala nje ya nyumba yangu nahesabu majogoo mpaka asubuhi. Wenzangu waliniita konokono. Sikukasirika, maana konokono angalau ana nyumba.

Basi kwa kuwa nilikuwa nyumbani kila saa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mzee ameanza kuingia migombani mara kwa mara. Tunaanika kahawa, anaondoka. Tunasali kabla ya kula, amina haijafika ameshaondoka. Anakaa huko muda mrefu, anarudi na uso wa mtu aliyedhulumiwa. Mimi na akili zangu za sekondari nikakata shauri: mzee ameficha kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, huko, na anakunywa peke yake.

Nilikitafuta kibuyu hicho kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia katika palizi. Nilifunua majani makavu chini ya kila shina, nikachungulia kila kichaka. Nilipata mayai ya kuku wetu aliyekuwa akitaga kwa siri, na mpini wa jembe. Rubisi hakuna. Mwisho nikaamua kumfuata mwenyewe kwa kunyata.

Nilimkuta amesimama ameegemeza paji la uso kwenye mgomba, mkono mmoja umeshika shina, anangoja. Anangoja kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamo ndani lakini hawataki kufungua. Alinisikia, akageuza shingo.

"Unatafuta nini huku?"

"Natafuta kuku, tata," nikamjibu baba.

"Kuku hayupo hapa. Nenda."

Nikaenda. Nilijiambia ni uzee, nikala yale mayai.

Hayo yalikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na nyumbani tulikuwa na shughuli nyingine kubwa: mdogo wetu wa kike alikuwa anachumbiwa na kijana wa Kihanga. Kwetu binti hachumbiwi yeye peke yake, inachumbiwa nyumba nzima. Kabla ya kuleta barua ya posa, upande wa pili hutuma mtu apite kwa majirani zako. Huja kama mpita njia, anaomba maji ya kunywa, anasifia maharage, kisha anauliza polepole: hawa watu wana kifafa? Wana ukoma? Wanaume wao wanakufaje? Jirani akinyamaza kidogo tu kabla ya kujibu, huyo binti atazeeka kwa wazazi wake. Jirani yetu wa mpakani mwa shamba, bibi mmoja mjane aliyekuja na wazazi wake kutoka Rwanda akiwa msichana, alikuwa ameshatembelewa na mtu wa Kihanga. Tulijua kwa sababu alituambia mwenyewe, akicheka, kwamba ameulizwa mpaka habari za mbwa wetu.

Katikati ya shughuli hiyo mkojo wa mzee ukafunga kabisa. Kaka alikuwa amekuja kwa mazungumzo ya posa, ndiye aliyetafuta pikapu ya mnunuzi wa kahawa. Nilitegemea aseme mimi nibaki kulinda nyumba, kama kawaida. Safari hii mzee mwenyewe, amekunja uso kwa maumivu, alininyooshea kidole.

"Na huyu aje. Yeye anajua Kiswahili cha madaktari."

Nilijisikia mtu. Nikaenda kuvaa lile shati.

Katika wodi walimlaza mzee karibu na mtu aliyevunjika mguu, na bahati, au ndivyo nilivyoiita wakati ule, mtu huyo alikuwa baba mdogo wa kijana aliyekuwa anamchumbia dada yetu. Mimi mtu wa nyumbani, nikiwa ugenini nikaona uso ninaoujua, nilifurahi kupita kiasi. Nilimpa shikamoo, nikamletea chai, nikamweka sawa mto. Nilimweleza habari zetu zote mpaka za kuku anayetaga kwa siri. Kaka alikuwa akinitazama kwa jicho ambalo sikulielewa.

Ndipo daktari akaja, akasimama hapo hapo kati ya vitanda, akauliza lile swali kwa sauti ya kusikika. Nakumbuka kila kitu. Mzee alitazama dari. Kaka aligeukia dirisha. Baba mdogo wa Kihanga aliacha kutafuna. Niliyaona yote hayo, na nikadhani wananyamaza kwa heshima ya Kiswahili changu.

"Hapana kabisa," nikasema.

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Alieleza kwamba wanaume wana tezi chini ya kibofu, nayo kwa wazee wengi hukua na kubana njia, ni jambo la umri. "Lakini kungekuwa na mwingine katika ukoo," akasema, "ningekuwa na wasiwasi wa kitu kibaya zaidi. Ningempeleka hospitali kubwa moja kwa moja akapimwe." Akamgeukia mzee. "Mgongo unauma?"

"Mgongo ni wa jembe," mzee akajibu.

Walimwekea mpira wa mkojo, akapata nafuu, tukarudi. Ndani ya pikapu, tukiwa tumekaa juu ya magunia, mzee alinishika kiganja. Akasema, "Umesema vizuri, mwanangu." Mzee hakuwa mtu wa kusifu. Nilipofaulu mtihani wa darasa la saba aliniuliza kama mbuzi wamekunywa maji. Kwa hiyo sifa hiyo niliibeba kama mtu aliyepewa ng'ombe. Nilimsimulia mke wangu. Niliwasimulia hata watu kilabuni.

Dada akaolewa. Mzee alikaa harusini amevaa kanzu, mpira umefichwa chini yake, anapokea wakwe na anacheka. Baada ya harusi aliinuka kitandani mara chache tu. Ule mgongo wa jembe ulishuka nyongani, ukaingia miguuni, mpaka jembe lenyewe likawa halina tena lawama, maana hakuna jembe linalomtesa mtu hivyo. Mimi ndiye niliyemgeuza ubavu. Mimi ndiye niliyemkanda, na kila nilipomwambia turudi kwa daktari alisema ngoja kwanza, watu wa Kihanga wasije wakasikia tunahangaika. Nilidhani ni aibu ya kizee. Alikufa akiwa ameuma pembe ya blanketi ili mama asisikie, na mimi nilikuwa nimemshika.

Tukalia, tukazika, maisha yakaendelea.

Sasa nije mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walipojaa kwetu na mkungu wa bitoke, ndizi zetu za kupika, ukawa na bei ya mbuzi. Mke wa kaka alikuja kumsalimia mama, nami nilikuwa jikoni na wanawake, mahali ambapo konokono hupatikana. Tulikuwa tunataniana. Shemeji aliniona nimejaziwa sahani mara ya pili, akasema, "Kula taratibu, shemeji. Kaka yako tangu apasuliwe amekuwa mtu wa kunywa maji tu, anakula kidogo kama ndege."

"Apasuliwe nini?"

"Si tezi, hii hii ya mzee."

"Lini?"

"Mwaka ule mzee alipokuwa bado anatembea. Alivyokwenda Mwanza."

"Mwanza alikwenda semina."

Shemeji akaweka kijiko chini. Mama, aliyekuwa anamenya bitoke, hakuinua kichwa, lakini kisu chake kilisimama.

"Jamani," shemeji akasema. "Hamjamwambia?"

Semina! Mimi mwenyewe nilimsindikiza kaka mpaka barabarani siku alipokwenda semina. Nilimpa kuku amchukulie mwenye semina. Aliporudi amekonda nilimuuliza kama chakula cha huko kibaya, akasema, "Kibaya sana, bwana mdogo," nami nikamwonea huruma.

Kaka alifika jioni hiyo kumchukua mkewe. Sikumngoja akae. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye mibuni.

"Kaka, ile semina ya Mwanza ilihusu nini hasa?"

Alinitazama, akamtazama mkewe kwa mbali, akajua. "Nani amekuambia?"

"Nauliza ilihusu nini. Labda na mimi nihudhurie."

"Usianze mzaha wako."

"Kuku wangu uliwapa madaktari au mlimla njiani?"

Akakaa kwenye kisiki. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo na kumwangushia mwenzake mguuni. Mzee aliijua shida yake tangu mwanzo. Babu yetu alikufa nayo. Mimi nilikua nikiambiwa babu aliangukia kisiki. Na baba yetu mkubwa aliyekuwa akiishi Mabira alikufa nayo.

"Hapo sasa umekosea," nikasema. "Baba Mkubwa aliuawa na vita."

"Vita ilikuwa barabarani. Yeye alikuwa kitandani, mkojo umefunga, na hakuna gari la kumtoa. Mimi nilikwenda. Nilimwona. Wewe ulibaki kulinda migomba."

Ni kweli. Mwaka ule wa vita, sabini na nane ikiingia tisa, habari ilipokuja kwamba Baba Mkubwa yuko hoi, kaka alikwenda kwa miguu kwa njia za porini akikwepa magari ya jeshi, nami nilibaki kulinda migomba, kana kwamba adui angevuka mto Kagera kuja kukata ndizi zangu. Kaka aliporudi alisema vita imemchukua. Mwaka ule kila aliyekufa alichukuliwa na vita, hakuna aliyeuliza. Na mimi, jamani, nilikuwa nimeitengeneza hadithi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiisimulia kilabuni, inakua kila nikiisimulia. Mara ya mwisho bomu lilikuwa limefika mpaka mlangoni pa Baba Mkubwa, naye amesimama na mkuki.

"Baba Mkubwa ndiye aliyeniambia," kaka akaendelea. "Alisema, kijana, jitazame ukifika umri wa kati, hii kitu inatufuata wanaume wa nyumba hii. Nikaanza kuona dalili, nikaenda, wakaniwahi."

"Ukamwambia mzee?"

"Nilimwambia. Nilimsihi aende. Akasema mpaka binti aolewe."

Nilikuwa bado sijaelewa. Akili yangu huenda kama inapanda mlima na gunia. Nikamuuliza kwa nini basi, pale hospitali, daktari alipouliza, hakufungua mdomo.

"Kwenye kitanda cha jirani alilala nani?"

"Baba mdogo wa Kihanga."

"Haya."

"Haya nini? Ungemwita daktari pembeni! Ungemnong'oneza!"

"Mzee alinikataza. Alijua wataulizwa watu wa kwetu, alijua daktari atauliza mbele ya kila mtu, ndivyo wanavyofanya. Akasema, mimi nikiulizwa nitasitasita, wewe utatetemeka, mama yenu atalia. Mchukueni yule. Yeye hajui kitu, atasema hapana na uso mweupe usio na siri."

Nilisimama pale kwenye mibuni nikiwa nimeshika tawi. Kwa hiyo haikuwa Kiswahili cha madaktari. Walinichukua kama mtu anavyochukua mtungi mtupu, kwa sababu ni mtupu. Ile *umesema vizuri, mwanangu* niliyoibeba miaka yote kama ng'ombe wa mahari, kumbe alikuwa ananishukuru kwa ujinga wangu. Na ujinga huo nilikuwa nimelelewa nao kwa makusudi, umepaliliwa na kuwekewa samadi na baba, kaka na mama.

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Hii kitu ikiwafuata wanaume wa nyumba hii, mimi ni kuku? Mlikuwa mnangoja nianze kuegemea migomba?"

"Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini?"

"Ukifika umri."

"Nina umri uliokuwa nao wewe ulipokwenda semina."

Akawa anabandua gamba la kisiki. Alikuwa kaka yangu, aliyenifundisha kuendesha baiskeli, aliyenilipia ada ya kidato cha tatu na cha nne, na alikuwa amejiokoa mwenyewe akaja nyumbani kunichekea mwaka baada ya mwaka, ananiuliza habari za maharage. Ningemsamehe kumfichia mzee siri yake, maana mzee aliamua mwenyewe. Lakini mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka kufa kwa ajili ya harusi ya mtu.

Nilimwendea mama. Alikuwa bado na bitoke zake.

"Mawe," nikasema, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "hata wewe?"

"Ungekaa nalo wewe?" akasema. "Wewe hata bei uliyouzia kahawa huwezi kuificha mpaka jioni. Ungelisema kilabuni, likafika Kihanga kabla yako."

Kilichoniuma ni kwamba ni kweli. Hilo nalo ni aina ya kusalitiwa, kusalitiwa na watu wanaokujua vizuri. Sikula kwake kwa siku kadhaa, jambo lililoniumiza mimi kuliko yeye.

Kumkasirikia marehemu nako kuna taabu yake. Kila nikimpandishia mzee hasira namwona ameuma lile blanketi, hasira inashuka. Ikishashuka nakumbuka kiganja chake ndani ya pikapu, inapanda tena. Nilipalilia shamba zima msimu ule kwa hasira hizo za kupanda na kushuka. Mke wangu alisema hajawahi kuona mibuni safi namna ile.

Mwisho nikavaa lile shati, nikaenda hospitali peke yangu. Daktari alikuwa yule yule, ameota mvi. Nilimweleza ya ukoo wetu, naye akanipima kwa namna ambayo sitaieleza, isipokuwa niseme kwamba mtu asiyependa kutoka nyumbani kwake hapendi pia mgeni aingie bila hodi. Nilitazama ukuta, nikahesabu nyufa. Alipomaliza alivua glavu, akasema leo hajahisi uvimbe wala ugumu wowote, lakini leo si ahadi ya kesho, na kwa mtu mwenye ukoo kama wangu nirudi kila mwaka.

Nikamwambia mimi ndiye niliyemwambia hapana. Alinikumbuka, au alijifanya. Nikamuuliza lile lililokuwa likinisumbua kwenye mibuni: kama ningesema ndiyo, mzee angepona?

Alizitupa zile glavu kwenye ndoo. Sikupenda alivyozitupa polepole. "Kupona, sijui," akasema. "Kwa jinsi ulivyonieleza habari za mgongo, huenda saratani ilikuwa imeshafika mifupani. Lakini kuna matibabu ya kuituliza. Huenda asingeumia vile."

Asingeumia vile. Hayo ndiyo maneno niliyorudi nayo nyumbani.

Lakini kabla sijaondoka nilimuuliza inakuwaje kitu kama hicho kinamwacha mmoja na kumshika mwingine, wakati mimi na kaka tumetoka tumbo moja. Akaniuliza kama nalima maharage. Nikacheka, kwa sababu shuleni nilipata alama nzuri za Bayolojia kwa maswali ya njegere: refu na fupi, mviringo na mikunjo, zipi zitazaa zipi. Nilizichora vizuri kabisa. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mwalimu alikuwa anatuzungumzia sisi.

"Basi unajua," daktari akasema. "Wazazi ni wale wale, lakini kila mtoto anachotewa mkono tofauti. Kaka yako huenda alichotewa kitu ambacho wewe hukupewa. Huenda mmepewa wote. Kwa macho hatuwezi kujua, na wanaokitafuta kitu hicho chenyewe bado wanakitafuta. Tunachojua ni kwamba baba akiwa na ugonjwa huo, na kaka akiwa nao akiwa bado kijana kiasi kile, uwezekano wako unapanda. Unapanda tu, hauna maana kwamba ni lazima."

"Na dada yangu wa Kihanga? Yeye hana hiyo tezi."

"Hana, lakini naye ni mtoto wa baba yenu. Anaweza kukibeba bila kuugua tezi, akampa mwanawe wa kiume."

Yaani lile lililofichwa lisifike Kihanga lilikwenda Kihanga lenyewe, limevaa shela. Ningecheka kama lisingekuwa langu.

"Una watoto wa kiume?" daktari akauliza.

"Wawili. Mkubwa ameshaanza kutafuta mchumba."

"Waambie mapema. Wakifika miaka arobaini waanze kupimwa, wasingoje dalili."

"Nitawaambia," nikasema. Nilikuwa na majibu ya haraka siku zote mbele ya yule daktari.

Nilirudi, na safari hii sikukaa nalo rohoni, kama mama alivyonitabiria. Nilitafuta mtu wa kumlalamikia. Kilabuni nisingeweza, kaka nilikuwa sisemi naye, na mke wangu alishachoka kusikia. Nikavuka mpaka kwenda kwa yule bibi jirani. Alikuwa amekaa mkekani uani, anachambua maharage ya mbegu, mazuri upande huu na yaliyotobolewa na wadudu upande ule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa, lakini usikanyage mbegu."

Nikakaa, nikammwagia yote. Kisiki cha babu, vita ya Baba Mkubwa, semina, kitanda cha jirani, mtungi mtupu. Nikamwambia hakuna mtu aliyesalitiwa na damu yake mwenyewe kama mimi. Aliendelea kuchambua. Nilipofika kwenye kiganja cha mzee ndani ya pikapu nikaishia hapo, nimpe nafasi ya kunionea huruma.

"Sasa hapo kipya ni kipi?" akasema.

"Ulijua?"

"Waitu, jamani, nimekaa mpakani hapa tangu babu yako yu hai. Mnaingia migombani, mnasimama mnaelekea kwangu. Ningeacha kujua?"

"Na yule mtu wa Kihanga alipokuja kukuuliza?"

"Nilimwambia nyumba safi. Mama yako alikuwa ameniletea mkungu asubuhi." Akapuliza makapi. "Juzi nimemwambia hivyo hivyo na huyu mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Aliyetumwa na wazazi wa yule binti wa ng'ambo ya bonde, anayechumbiwa na mwanao mkubwa. Alikuja kuomba maji. Nikamwambia nyumba safi, wanaume wao wanakufa na uzee. Si ndiyo maana uliniletea mkungu?"

Nilikuwa nimempelekea mkungu, ni kweli, wiki ile, mkungu mkubwa wa kupendeza. Nilijiambia napeleka kwa ujirani mwema, kwa kuwa bitoke zimezidi. Wala sikuwa nimesema naye neno lolote kuhusu posa, kama ambavyo wanangu nilikuwa bado sijawaambia neno. Nilifungua mdomo kumweleza hayo, na nikaona kwamba nimesimama bila kukusudia, na kwamba nimekanyaga mbegu.

Aliziokota kutoka chini ya kiatu changu, akazipangusa kwa kidole gumba, kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Baba yako alikuficha wewe ili binti yake aolewe," akasema, "na wewe umewaficha wanao ili mmoja aoe. Ila yeye hakuja kunililia hapa. Ondoka, nina maharage ya kuchambua."